Shukrani Iliyotangulia

Mama yangu alimshukuru Mungu kwa kazi ambayo mimi nilikuwa nimekuja nyumbani kumwambia siitaki. Alimshukuru hadharani, mbele ya usharika mzima, kwa mkungu wa ndizi, debe la buni na jogoo mwekundu, nami nimesimama pembeni yake natabasamu kwa meno tu. Hebu niambie, binti wa Kihaya aliyelelewa akaleleka angefanya nini pale zaidi ya kutabasamu?

Ngoja nianze vizuri. Naitwa Alistidia, nina miaka thelathini na tatu, na nimechoka. Sisemi ule uchovu wa kulala ukaamka uko sawa. Kwa miaka sita nimekuwa nikitafiti kichocho cha tumbo kwenye visiwa vya Muleba na ufukweni Kemondo. Kwa lugha rahisi, natafuta konokono. Minyoo ya kichocho hukulia ndani ya konokono wadogo wa ziwani, kisha hutoka na kumwingia mtu kwenye ngozi akiwa majini. Kwa hiyo navaa mabuti marefu ya mpira, naingia na chekeche lenye mpini mrefu, nawazoa, nawapeleka maabara Bukoba, nawaweka kwenye mwanga nione wepi wana minyoo. Kisha narudi chumbani kwangu Buhembe, nakula chochote, nalala. Watu wakiniuliza nafanya kazi gani nawajibu utafiti, maana ukitaja konokono wanacheka mpaka wanakaa chini.

Wiki hiyo Profesa Kyaruzi, msimamizi wangu aliyeko Mwanza, alinipigia simu akiwa na habari njema, na habari njema siku hizi nazo zinachosha. Nilikuwa nimepata nafasi mbili. Ya kwanza ni shahada ya uzamivu, miaka minne, hapa hapa ziwani, mimi na konokono wangu. Ya pili ni programu mpya ambayo unasomea udaktari wa hospitali na uzamivu kwa pamoja, miaka tisa, mingi ikiwa Dar es Salaam, darasani na wodini. Zote zina ufadhili. Ukichukua moja, nyingine anapewa mtu mwingine.

"Nataka jibu Jumatatu kabla ya saa sita mchana," alisema. "Usinipigie Jumanne kulia."

Nikamwuliza yeye angechagua ipi. Akaniambia, "Mimi nilishachagua ya kwangu, mwanangu, na mvi ndizo hizi. Chagua yako."

Sitasema uongo, ile ya miaka tisa ilinivuta. Kuna mvuvi mmoja kisiwani, Limbu, aliyetoka Usukumani na mkewe Minza kufuata samaki. Mwaka jana, nikiwa naosha chekeche, Minza alikuja mbio kuniita. Limbu alikuwa anatapika damu nje ya kibanda chao. Mimi nilijua kila kitu kilichokuwa kinaendelea ndani ya lile tumbo, ini lilivyokakamaa na mishipa ilivyopasuka, lakini nilichoweza kufanya ni kutafuta mtumbwi wenye injini na kumshika Minza mkono hadi ng'ambo. Limbu alipona, safari hiyo. Lakini Minza aliniuliza njiani, "Sasa wewe, dada, kazi yako hasa ni nini?" Mpaka leo sijampelekea jibu.

Hata hivyo, kufika Jumamosi nilikuwa nimeamua. Nilichagua konokono. Napenda ile kazi, jamani, acha niliseme tu bila aibu. Napenda kujua kwa nini ghuba hii ina minyoo na ile ya jirani haina. Na miaka tisa! Nitoke huko nina miaka arobaini na miwili, nianze zamu za usiku na watoto wa miaka ishirini na tano? Hapana. Nikapanda gari kwenda nyumbani Buganguzi nikamwambie mama uso kwa uso, kwa sababu nilikuwa nimefanya kosa moja. Siku Profesa alipopiga, nilimpigia mama kwa furaha nikamwambia nafasi ni mbili, na mojawapo ni ya udaktari wa watu. Kumbe mama alisikia hiyo moja tu.

Mama yangu ni Ma Georgina. Mjane, mwanakwaya, mwenye kibanja cha migomba ambacho hata majani makavu yamepangwa. Jumamosi nilifika jioni, nikakuta nyumba imejaa wanakwaya wenzake, nikala, nikalala. Nikasema nitamwambia asubuhi. Asubuhi akaniamsha, akanipa kitenge kipya. "Vaa hiki. Tunachelewa." Nikaona mkungu wa ndizi umefungwa vizuri kwa kamba za mgomba mlangoni, nikajua ni sadaka ya mavuno. Sikuuliza. Nani anauliza sadaka ya mama yake?

Ibada ilipofika kwenye shukrani, mwinjilisti akasema, "Mama yetu Georgina ana jambo." Mama akanishika mkono akaniinua. Kwaya wakaanza kuimba, wakaja kutuchukua kwa kucheza, mkungu ukiwa begani kwa mtu, jogoo ananing'inia kichwa chini analalamika. Mimi bado sijaelewa. Tulipofika mbele, mama akachukua kipaza sauti.

"Namshukuru Mungu," alisema, na sauti yake haikutetemeka hata kidogo, "kwa ajili ya binti yangu huyu. Amechaguliwa kwenda Dar es Salaam kusomea udaktari. Udaktari wa watu, wa hospitalini. Naomba mnisaidie kushukuru."

Mawe, mama wee! Vigelegele vilipanda hadi kwenye mabati. Nilimtazama mama, mama akatazama madhabahu. Nikainamisha kichwa, mchungaji akaniwekea mkono akaniombea nipate hekima ya kutibu. Nikaitikia amina. Nilikuwa na hasira ambayo sikujua niiweke wapi ndani ya kanisa.

Kama hujawahi kusali kwetu, ujue kwamba baada ya ibada vitu vyote vilivyotolewa hunadiwa nje. Mnadishaji wetu ni Mzee Karugendo, mzee wa kanisa ambaye sauti yake haijawahi kuhitaji kipaza. Aliunyanyua mkungu wa mama.

"Huu si mkungu wa kawaida!" alipiga kelele. "Huu ni mkungu wa daktari! Nani anautaka?"

Akaununua mwalimu mmoja mstaafu, kisha, kama ilivyo desturi ya wenye moyo, akaurudisha unadiwe tena. Akaununua mwingine, naye akaurudisha. Kila ukirudi, Karugendo anaongeza neno: daktari wa kwanza wa mtaa wetu, daktari atakayetuzeesha vizuri. Wa mwisho kuununua akaubeba akaja kuniwekea miguuni. "Wa kwako, daktari wetu." Nikasema asante sana, waitu, kwa heshima ya kwetu. Ningesema nini?

Kisha wakaanza kuja. Mmoja alipandisha suruali mpaka gotini nimtazame uvimbe. Bibi Kokubanza, jirani yetu, alinifunulia kinywa chote pale uwanjani ili nione jino. Nikamwambia bibi, sijaanza hata kusoma. Akasema, "Basi litazame tu, ulizoee." Watu wakacheka, nami nikacheka, na ndani nilikuwa natamani ardhi ipasuke. Hawa watu walikuwa wamenipa furaha yao yote, na Jumatatu nilikuwa naenda kuwanyang'anya.

Tulirudi nyumbani. Mama alijua kuna kitu, ila alijifanya ana haraka ya kupika. Jikoni tukakaa kumenya ndizi, yeye kwenye kigoda chake, mimi kwenye mkeka, na jogoo, ambaye hakupata mnunuzi aliyekubali kuondoka naye, amefungwa mlangoni. Nilivumilia ndizi tatu au nne, kisha nikashindwa.

"Mama, mbona umenifanyia hivi?"

"Nimekufanyia nini?"

"Nilikwambia nafasi ni mbili. Hukuniuliza nataka ipi. Umenisimamisha mbele ya watu wote, umenifungia njia. Sasa nikisema naenda kusoma konokono nitapita wapi hapa Buganguzi?"

"Usiseme konokono, basi."

"Mama!"

"Nakusikia. Mimi si kiziwi." Aliendelea kumenya. "Baba yako alipokuwa anakufa, wewe ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Ulijua jina la mnyoo. Ulijua umekaa wapi. Ulimwambia daktari, daktari akaitikia ndiyo, ndiyo, halafu akakwambia usubiri nje. Mtoto wangu, mwenye shahada mbili, asubiri nje! Nikasema moyoni, huyu wangu siku moja atakaa ndani."

Ilinichoma. Baba, Selestine, alifariki miaka mitatu iliyopita, tumbo limejaa maji, na ile benchi ya nje naikumbuka mpaka misumari yake. Lakini uchovu ukikuzidi unakosa adabu, nami nikakosa.

"Na hao waliokaa ndani walifanya nini?" Nilikuwa napaza sauti, na kwetu mtu hampazii mama yake sauti. "Ndani walikuwa madaktari watatu, Mama. Watatu! Na walijitahidi. Taata hakufa kwa kukosa daktari. Alikufa kwa sababu alisimama kwenye maji ya Kemondo miaka thelathini akipokea dagaa kutoka kwenye mitumbwi, na hakuna mtu aliyemwambia yale maji yana nini. Alipofika kwa daktari ilishakwisha. Mimi nataka kuwa pale kabla. Nataka niwe na mtu wa kumwambia, usipokelee hapa, pokelea kule. Hiyo ndiyo kazi yangu!"

Mama aliweka kisu chini, taratibu. Nikajua sasa napigwa, au analia. Hakufanya lolote kati ya hayo.

"Kwa hiyo unayajua hayo maji," alisema.

"Nayajua."

"Ndiyo yaliyommaliza baba yako."

"Ndiyo."

"Na ndiyo unayotaka kurudi kusimama ndani yake."

Nilikuwa nimekuja na majibu ya kila namna, ya fahari, ya ndoa, ya watu watasemaje. Hili sikuwa nimeliandalia.

"Wewe unadhani nataka kuitwa mama wa daktari," akasema. "Hee! Niitwe na nani, Kokubanza? Mimi nataka utoke majini, Alistidia. Daktari anakaa mahali pakavu. Ana kiti. Ana viatu vya kawaida. Ukinipigia simu ukasema Mama niko Kemondo, chakula kinanishinda. Miaka sita chakula kinanishinda, na sijakwambia, kwa sababu ni kazi, na kazi haidharauliwi. Uliposema udaktari nikasema, Mungu amesikia. Ndiyo maana nilikimbilia kanisani. Nilitaka nimshukuru haraka kabla hujabadilisha."

Hasira yote iliniishia pale pale, na ilipoisha nikabaki sina kitu cha kushikilia. Nikataka kumtuliza. Ndipo nikaharibu.

"Mama, mimi si kama taata. Navaa mabuti. Na hata kichocho kikiingia, dawa ipo, ni vidonge tu. Nimeshakipata mara mbili na kikatoka."

Alinitazama. "Umekipata?"

"Mama..."

"Mara mbili?"

"Kiliisha. Nilipima, hakipo. Baba hakupata vidonge mapema, hiyo ndiyo tofauti, kwa sababu vilikuwa vinapelekwa shuleni kwa watoto, na yeye..."

"Mara ya pili ni lini?"

Ningeweza kudanganya. "Mwaka juzi."

"Tumeshamzika baba yako," alisema.

"Ndiyo."

"Tumetoka kumzika, udongo haujakauka, wewe ukaingia mle mle, ukakipata, ukameza dawa zako Buhembe peke yako, ukaja Krismasi ukala senene hapa ukicheka."

Aliinuka, akatoka, akamfungua yule jogoo bila sababu yoyote, akaenda kibanjani. Nikamenya ndizi zote mwenyewe nikilia. Tulikula chakula cha mchana saa kumi, na maneno yaliyosemwa mezani yalikuwa chumvi na maji tu.

Asubuhi ya Jumatatu nilikuwa nimeshindwa. Nasema kweli, nilikuwa nimeshindwa kabisa. Mtu akichoka kiasi kile, kukubali kunaonekana kama usingizi. Nilimkuta mama uani anakoroga uji nikamwambia, "Nitaandika ile ya Dar. Utalala, watu watafurahi, yaishe."

Hakufurahi. Aliendelea kukoroga.

"Ni miaka mingapi hiyo?"

"Tisa."

"Tisa!" Mwiko ulisimama. Kumbe hata hilo hakuwa amelisikia. "Na wewe unaitaka?"

"Nimechoka, Mama. Nataka tu tusigombane."

"Hilo si jibu la mtu anayekwenda kusoma miaka tisa." Akanimiminia uji, akanipa kikombe. "Sikiliza. Nimeshukuru kwa kitu chako bila kukuuliza. Hilo ni kosa langu, na mimi mwenyewe nitakwenda kumwambia Karugendo na wenzake. Wakicheka, wacheke, nimeshachekwa kwa mengi. Wewe andika unachokitaka. Lakini usiniombe nifurahi. Nimemzika mmoja, na wewe unaniambia unarudi. Siwezi kufurahi, mwana wange. Nisamehe, siwezi."

"Sikuombi ufurahi."

"Haya. Kunywa uji, pikipiki inakuja."

Nilifika Muleba mjini saa nne na nusu. Nikakaa kwenye mgahawa karibu na stendi, nikaagiza chai, nikatoa simu. Nilimfikiria Minza na swali lake, na nikakiri kwamba nikichagua nilichotaka kuchagua, siku nyingine Limbu akitapika damu bado nitakuwa mtu wa kutafuta mtumbwi tu. Hilo halitabadilika. Nilimfikiria mama kwenye kibanja. Nilitafuta moyoni kama kuna sehemu yoyote inayotaka ile wodi, kwa ajili yangu mwenyewe, bila benchi ya nje na bila jino la Kokubanza. Haikuwepo. Nikamwandikia Profesa Kyaruzi kwamba nachukua ya miaka minne. Alijibu kwa neno moja, "Sawa." Sikuruka wala sikuimba. Nilimaliza chai, nikampigia mama.

"Umeandika?"

"Nimeandika."

"Ya konokono?"

"Ya konokono."

"Unaingia lini tena?" akauliza.

"Jumatano. Kemondo."

"Kabla hujaingia, nipigie."

"Mama, naingia mara tatu kwa wiki, nitakuwa nakusumbua..."

"Nimesema nipigie." Akakata.

Jumatano nilifika Kemondo mapema. Wachuuzi walikuwa wameshajaa, wanawake kwa wanaume, wamekunja nguo mapajani, wanasubiri mitumbwi ya dagaa majini, pale pale alipokuwa anasimama baba. Nikavaa mabuti, glavu, nikashika chekeche. Nikaona aibu kidogo, mtu mzima kumpigia mama yake aombe ruhusa ya kuingia kazini. Nikapiga. Haikuita hata mara mbili.

"Umefika?"

"Nimefika. Ndiyo naingia."

"Weka simu mfuko wa juu," alisema. "Usikate."

"Mama, mikono yangu itakuwa na kazi, sitaweza kuongea."

"Nani kakwambia tuongee? Weka tu. Ingia."

Nikaiweka mfuko wa shati, nikaingia. Maji yalipanda gotini, yakapita. Nilizoa, nikachambua, nikatia kwenye kopo, nikasogea, nikazoa tena, na muda wote huo sikusikia neno kutoka mfukoni, ila nilijua yupo. Mchuuzi mmoja akaniuliza natafuta nini, nikamweleza, nikamwonyesha kwa mkono sehemu ya mchanga isiyo na majani ambako ni afadhali asimame. Akaniangalia kana kwamba mimi ni mwehu, lakini akasogea. Kichocho hakitaisha Kemondo kwa mtu mmoja kusogea, najua, ila nilizungumza kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, ili aliyeko Buganguzi asikie.

Nilipotoka nikavua glavu, nikaitoa simu. Bado alikuwepo.

"Mama, nimetoka."

"Nimesikia," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekuwa analia na hataki ulitaje. "Yule uliyemwambia asogee, alisogea?"

"Alisogea."

"Haya. Jifute miguu vizuri." Akapumua. "Unaingia tena lini?"

"Ijumaa."

"Basi Ijumaa simu nitaichaji mapema," akasema. "Leo ilitaka kuzima."